Nyumba yake, kiwanja si chake

Juzi kati nilikua natafuta nyumba ya kupanga, dalali akanipeleka Mikocheni, tuko kwenye bajaji hata hatujafika ananiambia "dada hapa patakufaa, watu wametulia, hapa sio Uswahilini kule". Nikacheka tu. Mi nimezaliwa Ilala nimekulia Ilala, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani, sisi na wapangaji wanne, asubuhi mnapanga foleni na ndoo mkononi. Kwahiyo huyu kaka alikua ananisifia nyumba kwa kunitukania kwetu, na ile hela ya udalali ya mwezi mmoja anaitaka vilevile.

Ila neno likanibaki kichwani. Uswahilini. Tunalitumia kama vile ni jina la tabia, muziki usiku kucha, maji ya kufulia yanamwagwa njiani, umbea, vigodoro, kuombana chumvi. Watu wakigombana kwa sauti tunasema acheni mambo ya Uswahilini. Uzunguni ni kule kwenye miti na ukimya na mbwa, Uhindini ni mjini kati kwenye maghorofa ya zamani na maduka chini. Na wengi tunadhani ni majina yaliyojitokea tu, kila watu walikaa na wenzao walipopenda, bas. Hata mi nilidhani hivo mpaka nimekua mtu mzima. Kumbe yale yalikua maeneo ya kiserikali kabisa, yamechorwa kwenye ramani yakapewa namba, la kwanza la pili la tatu, na babu yangu aliishi utu uzima wake wote kwenye namba tatu.

Babu mzaa mama alikua Mrufiji, fundi seremala. Alikuja mjini kijana akajifunza kazi kwa fundi mmoja wa Kihindi, akawa mtu wa milango. Sio milango ya nakshi ile ya pwani unayoijua, hapana, yeye alikua anatengeneza milango ya Kizungu, ile ya paneli, mvule mzito, na kazi yake kubwa ilikua kwenye nyumba zilizokua zinajengwa Oyster Bay kwa ajili ya wakubwa wa serikali. Bibi alikua akisema mumewe amefungua milango ya Wazungu wengi kuliko boi yeyote, ila hakuna hata mmoja alioingilia kama mgeni. Asubuhi anaenda kwa miguu na sanduku la vifaa, jioni anarudi Ilala kwenye nyumba yake ya fito na udongo, aliyoikandika mwenyewe na ndugu zake, paa la makuti, baadaye akaweka debe, baadaye sana ndo likaja bati.

Sasa swali ambalo utoto wangu wote sikuwahi kuliuliza: mtu anajua kujenga nyumba ya Kizungu kuanzia mlango hadi dari, kwanini yeye mwenyewe akae kwenye nyumba ya udongo miaka yote ile? Jibu la haraka ni hela. Hana hela. Na ndo jibu ambalo serikali ya kikoloni ingekupa, kwa sababu ukisoma zile kanuni zao hukuti mahali pameandikwa Mwafrika asimiliki hapa. Hakuna. Zilikua zinataja ukuta.

Ngoja nieleze, maana hapa ndo kwenye utamu, kama ni utamu.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar kutoka Bagamoyo, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi. Upande wa bahari, mashariki ya mji, zinaruhusiwa nyumba za aina ya Ulaya tu. Sehemu nyingine nyumba imara za mawe au tofali, maduka na makazi. Na pembeni huko, jenga unavyojua. Kabla tu vita ya kwanza haijaanza wakawa wameshanunua shamba kubwa la Mjerumani mwenzao magharibi ya mji ili wawahamishie Waafrika wote huko, vita ikaingia, mpango ukakatika katikati. Waingereza wakauteka mji 1916, lile shamba wakaligeuza kambi ya wapagazi wao wa jeshi, Carrier Corps, na wazee wetu wakalitamka walivyoweza, Kariakoo. Alafu vita ilipoisha Waingereza wakaumalizia mpango wa Wajerumani palepale ulipokua umeishia, kama mtu aliyenunua nyumba akakuta sufuria bado ziko jikoni akaendelea kupika.

Kwahiyo ikawa hivi. Eneo la kwanza, nyumba za aina ya Ulaya, za kuishi tu. La pili, nyumba imara, biashara ruksa. La tatu, nyumba za kienyeji, Kariakoo na baadaye Ilala. Na kati ya la pili na la tatu ukaachwa uwanja mtupu makusudi, ndo Mnazi Mmoja hiyo. Mi nimekatiza pale maelfu ya mara, nimekaa pale nikala muhogo, sikuwahi kujiuliza kwanini katikati ya mji uliobanana vile kuna uwanja mrefu kama mto. Sababu waliyoitoa ilikua afya. Elimu yao ya wakati ule ilisema mbu anamng'ata Mswahili mwenye malaria alafu anamfuata Mzungu, kwahiyo ukiweka uwazi wa kutosha mbu atachoka njiani. Sasa yule boi anayelala saventi kota nyuma ya nyumba ya bwana, na yaya anayembeba mtoto wa bwana mgongoni, na babu yangu anayeshinda mlangoni mwao na randa, hao mbu waliwasamehe sijui.

Kwanini hawakuandika tu rangi ya mtu wakamaliza? Afrika Kusini waliandika. Sheria yao ya 1950 ya kugawa maeneo ilitaja makundi ya watu kwa rangi waziwazi, eneo hili la hawa, lile la wale, na mtaa kama District Six pale Cape Town mwaka 1966 ukatangazwa kuwa wa Wazungu na watu zaidi ya 60,000 wakaondolewa, mpaka 1991 ndo ile sheria ikafutwa. Kule hata kipofu alijua anabaguliwa kwa kifungu gani. Ila Tanganyika haikua koloni la kawaida, ilikua ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, Waingereza walikua wanapeleka ripoti Geneva, na masharti ya udhamini yalitaka raia wa nchi zote wanachama wa Shirikisho watendewe sawa. Na India ilikua mwanachama. Ukiandika "Mhindi asinunue hapa" unaulizwa. Ukiandika "hapa inajengwa nyumba ya aina ya Ulaya tu, yenye thamani kadhaa, ramani ipitishwe kwanza" nani atakuuliza? Hiyo si ubaguzi, hiyo ni mipango miji.

Nairobi nao, kwa Wahindi, mwaka 1923 London ilisema haitaki utengano wa kisheria mijini, ila masharti ndani ya hati za viwanja yaliendelea kufanya kazi ileile kimyakimya. Na Mwafrika wa Nairobi hata hakuwemo kwenye huo mjadala, yeye kijiji chake cha Pangani kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 30 akasukumwa Pumwani na Shauri Moyo. Jina Shauri Moyo lenyewe linakwambia hali ilikuaje, ukitaka nenda, usipotaka shauri yako na moyo wako.

Haya turudi Ilala kwa babu.

Sheria ya Ardhi ya 1923 ilisema ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma iko mikononi mwa Gavana, mtu anapewa haki ya kuikalia. Nzuri hiyo, hata leo mfumo wetu umesimama hapohapo. Shida iko kwenye muda. Kiwanja cha Uzunguni au Uhindini unakipata kwenye mnada, unapewa haki ya miaka mingi, hadi 99, unaweza kuiweka rehani, unaweza kumwachia mwanao. Kiwanja cha namba tatu ni cha muda mfupi, unalipa kodi ya kiwanja, unapewa karatasi, mwakani unalipa tena. Kwahiyo nyumba ni yako, miti yako, udongo umeukanyaga mwenyewe kwa miguu yako, lakini pale chini nyumba ilipokaa hapana. Bibi alikua na msemo wake, mtu akimsifia nyumba anajibu "nyumba ya babu yenu, kiwanja cha serikali". Mi nilikua nadhani ni unyenyekevu wa kizee. Kumbe alikua anasoma mkataba.

Na zile karatasi alizitunza. Sanduku la bati chini ya kitanda, ndani kuna kanga mbili ambazo hazijavaliwa, sanda yake aliyoinunua mwenyewe mapema asije akamsumbua mtu, na bunda la risiti za kodi ya kiwanja zimefungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Nyingi wino umefifia hata tarakimu huzioni, zimebaki mihuri. Mama anasema bibi alikua anaogopa kupoteza risiti kuliko kupoteza hela, kwa sababu Bwana Afya au mtu wa manispaa akija akakukuta huna karatasi unaanza kueleza, na kueleza kwa Kiswahili mbele ya mtu aliyeandika kwa Kiingereza ni kazi.

Sasa chukulia babu kapata bahati, kaweka akiba, kasema na mi nataka tofali. Tofali ruksa hata Ilala, hakuna aliyemkataza. Anahitaji mkopo. Benki inataka dhamana, dhamana yake ni nyumba ya udongo juu ya kiwanja cha mwaka hadi mwaka, benki haiwezi hata kuisikiliza. Basi amwendee yule tajiri wake wa Kihindi wanayefahamiana, amkopeshe, atamlipa kwa milango. Hapo anakutana na sheria nyingine, ya 1931, ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Asiye mwenyeji akimkopesha mwenyeji bila kibali cha maandishi cha ofisa wa serikali, siku akidhulumiwa mahakama haimsaidii kudai. Nani atakopesha hela ambayo hawezi kuidai? Hajakatazwa kukopesha, ila anajua mwenyewe.

Unaona ilivyosukwa lakini? Kanuni ya ujenzi inasema leta nyumba ya gharama. Sheria ya ardhi inakupa kiwanja ambacho hakiwezi kuwa dhamana. Sheria ya mikopo inamtisha anayetaka kukuamini. Kila moja ukiishika peke yake inaonekana ina busara zake, hata huruma. Ukiziweka pamoja ni kitanzi, na ukitafuta rangi ya ngozi yako huioni, utakuta neno "mwenyeji" tu.

Mama mkubwa wangu huwa hakubaliani na mimi kwenye hili na ntaweka maneno yake hapa kwa sababu ana haki yake. Yeye anasema zile sheria zilitulinda. Anasema bila hizo Kariakoo yote ingekua imeshauzwa kabla ya uhuru, mtu kakopa gunia la mchele na kanga za sikukuu, kashindwa kulipa, nyumba imeenda. "Nyie mnaona kibali, sisi tuliona kinga." Na ni kweli ndo maelezo yaliyotolewa, hata masharti ya udhamini yenyewe yalisema ardhi ya mwenyeji isihamishiwe kwa asiye mwenyeji bila idhini ya serikali. Ukienda Kariakoo leo ukaona ghorofa zilivyowameza wenye nyumba wa zamani, mtu mwenye kiwanja kapewa vyumba viwili ghorofa ya sita kwenye jengo lililojengwa kwenye kiwanja chake, unaanza kumwelewa mama mkubwa. Ila nikamuuliza, sawa mama, kinga gani hiyo inamkinga mtu asikope kujenga, lakini haimkingi asivunjiwe? Akasema we mtoto unabishana na mkubwa. Bas nikanyamaza, chai ikamiminwa.

Ntawaambia habari ya mlango, maana ndo sababu nimeandika haya yote.

Nyumba moja ya Oyster Bay, sijui ya nani, mlango mmoja ulitoka na kasoro. Mbao ilikua haijakauka vizuri, ikajipinda kidogo juu kwenye kona, mkandarasi akaukataa. Babu akaomba, akapewa, wakaubeba watu wanne na mkokoteni mpaka Ilala. Mvule mtupu, paneli sita, mzito ule ukiufunga nyumba nzima inasikia. Akaurekebisha ile kona kwa randa, akautia kwenye nyumba yake ya udongo. Mtaa mzima ulikuja kuangalia, nyumba ya debe juu, kiambaza kimepasukapasuka pembeni, katikati mlango wa Mzungu unang'aa mafuta. Wakauita mlango wa Uzunguni.

Tatizo kiambaza cha fito hakiwezi kushika mlango wa uzito ule. Kila masika udongo ukilowa fremu inalegea, mlango unashuka, unakwaruza sakafu, haufungi. Babu kila mwaka anaung'oa, anaweka mti mpya wa kuegemeza fremu, anasugua chini, anaurudisha. Kila mwaka. Mama anasema utoto wao walijua masika imeanza kwa kumsikia baba yao anapiga randa chini ya mlango. Ukishausugua miaka ishirini mlango unakua mfupi, kwahiyo chini kukawa na uwazi wa kama vidole vitatu, bibi akawa anaweka gunia usiku kuzuia panya. Fundi wa milango bora Dar es Salaam nzima, na mlango wake mwenyewe haufiki chini.

Siku moja, hii mama alikua mdogo sana, alikuja Bwana Afya kukagua vyoo na maji yaliyotuama, Mzungu kijana na karani wake. Akasimama mbele ya ule mlango. Akaugonga kwa kidole, akautazama mpaka juu, akamuuliza babu kwa Kiswahili cha kuokoteza, "umepata wapi?" Hakuuliza nani kautengeneza. Babu akamwambia niliutengeneza. Karani akatafsiri, yule bwana akacheka akaandika kitu kwenye daftari. Hakuna kilichotokea baada ya hapo, hakushtakiwa wala nini, ila bibi anasema babu hakulala usiku ule, na kesho yake alienda kwa mkandarasi kuomba aandikiwe karatasi kwamba mlango kapewa. Ile karatasi nayo ipo kwenye sanduku la bati. Risiti za kodi ya kiwanja, sanda, kanga, na ushahidi kwamba mlango wa babu si wa wizi.

Baada ya vita ya pili maneno yakabadilika. Ubaguzi ulikua umeanza kunuka duniani, kwahiyo mpango mkuu wa mji wa 1949 uliochorwa na kampuni ya wahandisi ya Uingereza haukusema tena ya Ulaya na ya kienyeji, ukaja na neno safi kabisa, msongamano. Msongamano mdogo, wa kati, mkubwa. Sasa nikuulize, Oyster Bay ni upi? Upanga ambayo miaka ya 50 ilijaa nyumba za Wahindi ni upi? Magomeni na Temeke na Ilala ni upi? Umepata yote. Ramani ileile, imevaa shati jipya. Na mji wakati huo unafura, 1948 ulikua na watu kama 69,000, kufika 1957 wako zaidi ya 128,000, na wengi wa hao wapya ni Waafrika wanaobanana kwenye lile eneo lenye jina la kubanana. Alafu anakuja mtu anasema Waswahili wanapenda kubanana.

Kuna rafiki yangu nilisoma naye sekondari, Mhindi wa hapa hapa, Kiswahili chake kizuri kunizidi. Nilipomsimulia habari za maeneo namba moja mbili tatu akanisikiliza mpaka mwisho alafu akasema "na sisi mbona hujatusimulia?" Ikabidi nikae. Babu yake alikua na jengo la ghorofa mbili mjini, duka chini, wapangaji katikati, wao juu. Aprili 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majumba, jengo lolote la thamani kuanzia shilingi 100,000 ambalo mwenyewe hakai peke yake lote, linachukuliwa na serikali. Haikutaja Mhindi hata mara moja. Ilitaja thamani na wapangaji. Na wote tunajua majengo ya namna hiyo yalikua ya nani, kwa sababu ni sheria zilezile za zamani zilizowaweka Wahindi kwenye tofali na maduka na hati ndefu, na sisi kwenye udongo na risiti. Babu yake aliendelea kukaa kwenye nyumba yake kama mpangaji, kodi anapeleka kwa Msajili wa Majumba, miaka michache baadae watoto wakaondoka mmoja mmoja kwenda Canada, huyu wa kwao ndo alibaki.

Sikujua nimjibu nini. Mi nyumbani kwetu 1971 inasimuliwa kama haki imetendeka, mama mkubwa anaikumbuka kwa furaha. Na kweli ukiangalia nani alikua na nini mjini siku ya uhuru, kuna kitu kilitakiwa kufanyika. Lakini yule mzee wa ghorofa mbili siye aliyechora ramani. Nilimwambia tu rafiki yangu kwamba babu yangu naye alikua analipa kodi ya chini ya nyumba yake mwenyewe. Akasema basi wangekutana dirishani siku ya kulipa. Tukacheka, ila sio kicheko cha raha.

Leo hakuna sheria ya hivo. Mtanzania yeyote mwenye hela ananunua Masaki, na wenye hela wa rangi zote wapo. Ila mama yangu mdogo ana nyumba Tandale, tofali, nzuri tu, na karatasi aliyonayo ni leseni ya makazi, ile iliyotokana na Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa maeneo yasiyopimwa. Ilianza ikiwa ya miaka miwili, baadaye wakaifanya mitano. Nilimsindikiza benki moja miaka kadhaa nyuma kuomba mkopo wa kupanua biashara yake ya vitenge, afisa mkopo binti mdogo mwenye heshima zake akaigeuza ile karatasi mbele na nyuma akasema "mama, hii sio hati". Mama mdogo akamwambia najua mwanangu, ila nyumba ni yangu. Nikawaza bunda la risiti na uzi wa gunia. Hatukupata mkopo siku ile, alichangiwa na kikoba.

Nyumba ya Ilala ilivunjwa kwa sehemu miaka ya 70 mwishoni ikajengwa tofali, wajomba walichangishana, ndo hiyo niliyokulia. Babu alikua hai bado, akasimamia mwenyewe mlango wake uwekwe kwenye fremu ya zege. Ukashika. Masika ikapita, haukushuka. Mama anasema mzee alikua anaufungua na kuufunga bila sababu, anatoka nje anaingia, mpaka bibi akamwambia unaleta nzi. Ule uwazi wa chini ndo ulibaki, mbao iliyosuguliwa hairudi, kwahiyo aliongeza kipande cha mninga chini, rangi haiendani, ukiangalia unaona mstari kabisa mlango ulipokua unaishia. Bado upo. Kuna ndugu wanataka tuuze, kuna mtu anataka kujenga ghorofa, vikao haviishi, na kila kikao mjomba mmoja anauliza mlango utaenda na nani.

Kuhusu Mikocheni, dalali kapiga jana, "vipi dada unachukua au nimpe mtu mwingine?" Nikamuuliza kwa utani, hiyo nyumba ina hati? Akashangaa. "Hati ya nini sasa, si we unapanga tu?"